Filamu Uliyoninyamazishia

Hilda mwanangu,

Habari za safari sikuulizi, kwa sababu hujaondoka bado. Umekwenda Kitangari kumuaga bibi yako, na najua hutarudi mapema, maana bibi yako akishamshika mkono mtu anayesafiri hamwachii mpaka amtajie ukoo mzima, waliokufa na walio hai. Mimi nimebaki hapa Newala na begi lako mlangoni. Tangu mchana naliangalia kama mgeni aliyekataa kiti.

Ya sweta, ya dawa, ya kutomfungulia mlango usiyemjua, shangazi yako ameshayasema, na yaliyobaki atayasema kesho stendi kwa sauti ili uone haya mbele ya abiria. Mimi nina jambo moja tu na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Ajabu, eh? Mimi, mtu ambaye wilaya nzima ilimjua kwa mdomo wake.

Tangu ile Jumapili ya ukumbi wa kanisa hatujazungumza, mama. Tunasemeshana tu. "Shikamoo, baba." "Marahaba." "Maji yapo?" "Yapo." Halafu kila mtu anashika njia yake, na nyumba yenyewe hii hata njia za kushika haina.

Nitaanza na siku hiyo, uione kwa upande wangu. Ulikuwa umetundika shuka jeupe ukutani na kuazima projekta kwa mwalimu wako. Nilikaa mbele, karibu na padri, nimevaa shati la Pasaka. Majirani wote walikuwapo kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewaita. Niliwaambia mwanangu ametengeneza filamu, na ndani ya filamu hiyo nazungumza mimi: habari za korosho, habari za nyumba nilivyoijenga, habari za marehemu mama yako. Na kweli nilizungumza. Niliongea mbele ya kamera yako mpaka koo likakauka, nawe ulikuwa unaitikia kwa kichwa, nikadhani yote yanaingia.

Taa zikazimwa. Yakatokea maneno: Filamu ya Hilda. Halafu nikatokea mimi, nimekaa barazani nabangua korosho. Mdomo wangu unafunguka, unafumba, unafunguka, sauti hakuna. Kuna upepo tu, na korosho zinavyopasuka. Mtu akapiga kelele, "Ongeza sauti!" Wewe ukajibu kutoka nyuma, "Haijaharibika. Ndivyo ilivyo." Hapo ndipo yule fundi baiskeli akasema lake: "Leo ntu wa maneno kafungwa ndomo!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hata padri mabega yalimtikisika. Nikasimama nikaondoka kabla ya mwisho.

Uliponifuata nyumbani nilikwambia, "Sura yangu, nyumba yangu, korosho zangu. Halafu filamu yako?"

"Nyumba ni yako, baba. Filamu ni ya mwongozaji."

"Na mdomo wangu je?"

Hapo ukasema jambo ambalo limenikaa kooni tangu siku hiyo. Ulisema, "Ukitaka isionekane, niambie. Nitaifuta kabla basi halijafika Nanganga." Nami sikusema ndiyo, sikusema hapana. Najua huko chuoni Dar es Salaam unakokwenda kila mwanafunzi anaanza kwa kuwaonyesha walimu kazi aliyotoka nayo nyumbani. Najua kazi yako ni hiyo moja. Umeningoja nijibu na mimi nimekuwa nikikuuliza kama maji yapo.

Basi jibu lipo humu, ila nitalifikia kwa njia yangu. Unanijua.

Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka kibanda umiza changu kama mahali pa kula ming'oko na kusinzia kwenye mapaja ya mama yako. Kilikuwa nyuma ya soko, kuta za udongo, madirishani magunia ya korosho ili mwanga usiingie. Televisheni moja, deki moja, jenereta iliyokohoa kama mzee mvuta tumbaku, na mimi na maiki yangu. Picha nilizifuata Masasi kwa baiskeli. Za Kichina, za Kihindi, za Kizungu, yoyote iliyonijia. Kichina sikijui. Kihindi sikijui. Kiingereza changu kilitosha kuombea chumvi. Lakini nilikuwa nikishika maiki kuwatafsiria, watu wa Kitangari na Makote wanaacha pombe yao ya uraka wanakuja, na hakuna aliyekuwa akiuliza picha ni ya nani. Walikuwa wanasema, "Leo kuna picha ya Baba Hilda."

Majina yanayotokea mwanzo nilikuwa nayakimbiza mbele. Nani amekuja kusoma? Katika kila picha kulikuwa na jina moja linalokuja mwishomwisho, limesimama peke yake. Siku moja mtu aliniuliza hilo ni la nani, nikamjibu bila kupepesa macho, "Huyo ndiye mwenye duka la CD." Nilikuwa naamini hivyo, mwanangu. Niliona jinsi lilivyokaa kwa nafasi, nikasema huyu lazima ndiye aliyetoa mtaji.

Unajua sheria ya kibanda umiza: steringi, yule shujaa wa picha, hafi. Hapo ndipo ikaja ile picha. Unaijua ile ninayoisema. Steringi anatetea kijiji chake dhidi ya majambazi, na katikati ya picha wanampiga mkuki anaanguka. Katikati! Picha bado ndefu. Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja amelewa akasimama: "Baba Hilda, ntu halali leo kama steringi kafa!" Nikashika maiki. "Hajafa huyu! Kazimia tu. Wamempeleka kwa mganga kule Mahuta, anarudi sasa hivi." Watu wakatulia wakakaa.

Tatizo ni kwamba baada ya hapo picha haina vita tena. Ni mke wake tu, yuko nyumbani. Anafagia. Anaandaa chakula, anakaa mlangoni, hali. Hakuna anayesema neno, kwa muda mrefu sana. Mimi kimya kilikuwa kinaniwasha. Nikakijaza. "Anasema, mume wangu akirudi nitamchemshia ming'oko. Anasema, huyu mganga naye mbona anachelewa?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na picha ilipokaribia kwisha nikarudisha nyuma harakaharaka mpaka mwanzo kabisa, pale steringi anapoingia kijijini juu ya farasi, anacheka. "Huyu hapa, karudi!" Makofi. Watu walikwenda makwao wameridhika, na picha ile niliirudia kila walipoiomba, miaka mingi.

Mama yako alikuwa akikaa nyuma kabisa. Siku ya kwanza tulipokuwa tunafunga mlango aliniuliza, "Mbona karudi na shati ambalo halina tundu la mkuki?" Nikamwambia amelifua. Alicheka. Lakini kila nilipoiweka picha ile alikuwa akinivuta shati tukifika kwa yule mwanamke, anasema polepole, "Nyamaza kidogo, baba. Tumwone." Nami sikunyamaza hata mara moja. Nilikuwa na ukumbi wa kulisha, na chakula chake kilikuwa maneno yangu.

Halafu akaugua. Hilo unalikumbuka kwa namna ya mtoto: shangazi yako kuhamia, nyumba kunuka dawa, wewe kupelekwa Kitangari kwa bibi. Mimi nilimwambia atapona. Asubuhi nilimwambia, jioni nilimwambia. Kila daktari aliposema neno, mimi nilimtafsiria mama yako kwa Kiswahili changu mwenyewe, na katika Kiswahili hicho hakuna aliyekuwa anakufa. Alikuwa ananisikiliza, anatikisa kichwa.

Siku moja aliniomba nilete televisheni na deki chumbani. Nikafurahi, nikasema mgonjwa anayetaka picha huyo anarudi. Nikamuuliza niweke ipi. Akasema, "Ile ya yule mwanamke. Bila maneno yako. Na ukifika mwisho, usirudishe nyuma."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, maiki sina, mikono sijui niiweke wapi. Steringi akapigwa mkuki. Akafa, mwanangu. Alikuwa amekufa siku zote. Yule mwanamke akafagia ua ambao hakuna aliyeuchafua. Akaandaa chakula, akakaa mlangoni. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaandaa vyombo viwili, kisha anarudisha kimoja. Nilikuwa nimeionyesha picha ile sijui mara ngapi, na hicho chombo kilikuwa kinarudishwa huku mimi napiga porojo za ming'oko. Mama yako alinishika mkono. Tukafika mwisho. Sikurudisha nyuma. Majina yakaanza kupanda, nami nikayaacha yapande yote.

Lile jina la peke yake lilipotokea akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikasema kwa mazoea, "Mwenye duka."

Alicheka akakohoa, akakohoa sana, nikamwinua. Alipopata pumzi akasema, "Mwenye duka hawezi kujua mambo haya. Huyu amefiwa."

Ndivyo nilivyojua kwamba kuna mtu. Wewe ulifundishwa na mwalimu wako Masasi, ubaoni, kwamba mwongozaji ndiye mwandishi wa filamu, kwamba anaandika kwa kamera kama wengine wanavyoandika kwa kalamu. Mimi nilifundishwa kitandani kwa mama yako. Mahali fulani, katika nchi nisiyoijua, mtu aliketi akaamua: hapa asiseme mtu. Akawazuia waigizaji, akazuia ngoma, akaacha nafasi. Alikuwa ameiacha kwa makusudi, na mimi nilikuwa naingia humo na viatu vyangu. Na mama yako alikuwa ametumia nafasi ya mtu huyo kuniambia habari ambayo mimi nilikuwa sitaki kuisikia. Usiku ule nililia mbele yake. Ndicho alichokuwa anakingoja, kwa sababu baada ya hapo tuliweza kuzungumza: habari zako, habari za nyumba hii, wapi azikwe. Tulizungumza vizuri kuliko miaka yote. Masika hayakwisha akafariki.

Nilirudi kibandani baada ya matanga. Watu wakaiomba ile ile. Tulipofika kwa yule mwanamke nikafungua mdomo, neno halikuja. "Sema, Baba Hilda!" wakapiga kelele. "Sema!" Nikazima jenereta nikawaambia petroli imekwisha. Siku hizi watu husema simu ndizo zilizoua kibanda changu. Ni kweli, simu nazo zilikuja. Lakini mimi nilikuwa nimeshakufa sauti kabla hazijaja.

Unakumbuka ulivyorudi likizo kutoka Masasi, kidato cha tatu, umeiona picha ile kwenye kompyuta ya shule na maneno yake chini? Hukunisalimu. Uliweka sanduku chini ukasema, "Baba, kumbe harudi. Ni ule mwanzo ulioturudishia." Ulikuwa na macho mekundu kama vile mimi ndiye niliyemchoma mkuki. Ukasema nimemsingizia aliyeitengeneza. Mimi nikafanya mzaha, nikasema yule bwana hajawahi kuja Newala kulalamika. Nilipaswa kukwambia hapo hapo haya ya mama yako. Nilishindwa. Nilizoea kujaza kimya, na kimya kile kilikuwa kikubwa mno kwangu.

Sasa usidhani ninakubali yote. Mimi ni Mmakonde wa Newala, sikubali yote hata kwa padri. Kule Makote yuko binti anaitwa Tabu. Bibi yake alimpa jina hilo kwa ajili ya mwanamke wa picha moja ya Kihindi. Katika picha yenyewe hakuna Tabu. Mimi ndiye niliyembatiza, kwa sababu jina lake la Kihindi lilikuwa linanishinda kutamka. Yule bibi alikuwa mjane, alikuja kuiangalia picha ile kila ilipokuwapo, na siku moja alinisimamisha sokoni akanishukuru kwa yale Tabu aliyomwambia mama mkwe wake. Maneno yale niliyatunga mimi, nimesimama, jasho linanitoka, jenereta inakohoa. Je, jina la binti yule ni la nani? Mwongozaji wa Kihindi hajui kama yupo. Filamu ina mwenyewe, nakubali. Lakini ikishatoka mikononi mwake inakwenda kulala katika nyumba za watu, na huko inapewa majina mengine. Yakikufika hayo usinune. Na majina ya wale waliokushikia taa na kukubebea maji yaache yapande yote, uyaandike makubwa yasomeke. Mimi niliyakimbiza ya watu wengi.

Haya. Juzi ulipokwenda bombani nilichukua simu. Uliniwekea filamu yako humo ukadhani sijui kuifungua, nami kweli sikujua, nimefunguliwa na mtoto wa jirani kisha nikamfukuza. Nikaiangalia peke yangu, chumbani. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta sauti yangu. Nilikumbuka pale midomo inapokwenda hivi nilikuwa nasema bei ya korosho msimu uliopita, na pale nilikuwa nawasema wanunuzi, na pale nilikuwa nikisimulia harusi yetu na kutia chumvi. Mara ya pili nikachoka kutafuta. Nikaangalia.

Hilda, mimi nakaa mwisho wa benchi. Sikuwa najua. Benchi lile niliunda mwenyewe, la watu wawili wanene, na mama yako alikuwa akikaa upande wa mlango kwa sababu ya mwanga wa kuchambulia mchele. Sasa yuko mtu mmoja na amejibana ukingoni mpaka paja moja liko nje, na upande wa mlango hakuna kitu. Nabangua korosho, nzima naziweka kwenye ungo, ungo nimeuweka chini, miguuni. Nafasi yote ile na ungo nimeuweka chini! Upepo unapita, unainua pembe ya gunia. Mdomo unakwenda, unakwenda, na mtu anayeangalia anajua kabisa kwamba huyu mzee hana anayezungumza naye.

Uliniona. Miaka yote hiyo unapita hapo na ndoo, unaniona, husemi. Kama ungeniachia sauti yangu ningewachekesha watu wote ukumbini, na hakuna ambaye angeona benchi. Ningekuwa nimerudisha picha nyuma tena. Mama yako hakuwahi kukwambia maneno yale ya "nyamaza kidogo, tumwone". Ulikuwa umelala mapajani mwake kila alipoyasema. Sijui umeyapata wapi.

Iliniuma, na bado inaniuma. Sikutaka Newala wajue kwamba mimi ni mpweke. Nilikuwa nimewaficha kwa kelele na nilidhani nimefaulu. Lakini mtu aliyeitengeneza ile filamu amefiwa, na anajua mambo haya, na nimeshuka na majina mpaka mwisho nikaliona lake limesimama peke yake. Ni jina lako. Limekaa mahali pake.

Basi usiifute. Nanganga pita salama, nunua ndizi, ulale. Ukifika waonyeshe kama ilivyo, wala usinirudishie hata kikohozi. Akikuuliza mtu huyu mzee alikuwa anasema nini, mwambie alikuwa anasema bei ya korosho.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, huko unakoweka chaja, kwa hiyo utaisoma ukiwa umeshaondoka. Kwa sababu hiyo kuna jambo la kesho nataka ulijue ingawa litakuwa limeshapita. Stendi sitakwambia kitu. Shangazi yako atasema yake, watu wataniambia, "Sema neno na mtoto, Baba Hilda," na mimi sitasema. Utakuwa umekaa dirishani unadhani bado nina hasira. Rudisha nyuma picha hiyo hapo ulipo, mwanangu. Nitakuwa nimesimama pembeni ya lile benchi la wasafiri. Niangalie tu.

Baba yako